Mgongo wa Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alinifundisha kuogelea kwa miezi saba bila kunitazama hata mara moja. Nikiwaambia watu hivyo wanacheka, wanadhani nawatania. Siwatanii. Mimi ni mwalimu mstaafu, sina muda wa kutania watu wazima.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati Mwanza ilipofunguka ghafla. Juzi tu tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni, na sasa sabuni zilitufuata wenyewe barabarani. Mitumba ilimwagwa chini sokoni mafungu kwa mafungu. Viwanda vya minofu ya sangara viliota kando ya ziwa, na ndege za kuibeba hiyo minofu zilipita juu ya bati letu kule Ilemela mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Na klabu moja ya michezo ya pale ufukweni, ya wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, ambayo kwa miaka mingi lango lake lilikuwa na kufuli lenye kutu, nayo ikafunguliwa. Siku moja nikitoka kufundisha nikakuta tangazo limebandikwa pale langoni: traiathloni ya masafa marefu, mwezi wa Julai. Kuogelea kilomita mbili, kuendesha baiskeli mpaka Misungwi na kurudi, halafu kukimbia kilomita ishirini na moja. Yote siku moja, mtu yuleyule. Mtaani walishaipa jina lao: mateso matatu.

Nilisimama pale na kikapu changu cha madaftari, nikalisoma mara mbili. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, ndoa ya miaka saba, na mimba tatu zilizoharibika. Ya kwanza iliishia mwezi wa tatu, ya pili wa nne. Ya tatu, ambayo nilikuwa nimeshaifumia kofia, ilinitoka ikiwa na miezi sita, mwaka uleule. Sitalieleza hilo zaidi ya hapo. Nitasema tu kwamba niliuona mwili wangu una tabia ya mwanafunzi mvivu, unaanza kazi vizuri halafu unaiacha njiani. Niliuchukia. Niliposoma lile tangazo nilitaka jambo moja tu: mwili huu uanze kitu na ukimalize. Sikuwa na habari na kushinda. Kumaliza.

Katibu wa klabu alikuwa mzee wa Kihindu, muuza vipuri vya baiskeli mjini, mzaliwa wa hapahapa, anayejua Kisukuma kuliko mume wangu. Akanitazama juu ya miwani yake.

"Mama, wanawake tumewawekea mbio zao. Kilomita tano. Kila mmoja anapata kanga."

"Kanga ninazo," nikamwambia. "Niandike huko kwenye ndefu."

"Unajua kuogelea?"

"Najua."

Uongo mtupu. Mimi ni Msukuma wa Misungwi, nimekulia nyuma ya ng'ombe wa baba yangu. Maji niliyoyajua ni ya lambo, ambamo tulitapatapa kama mbwa katikati ya ng'ombe wanaokunywa. Mbio nilizijua, nilishindania shule yetu tangu nikiwa msichana. Baiskeli niliijua. Lakini ziwa! Yule mzee hakuwa mjinga. Akanipeleka ufukweni, akanionyesha boya moja, si mbali, akasema hebu nenda kaliguse halafu urudi. Sikufika nusu ya njia. Walinikuta nimening'inia kwenye mtumbwi wa mvuvi wa dagaa, nakohoa maji, na wanaume wa klabu pale barazani wakicheka na soda zao mkononi.

Katibu hakucheka. Akaniambia msimu wa mashindano umekwisha, kuanzia sasa mwezi wa Novemba wanamichezo wote wa pale wanakwenda kula na kunenepa mpaka kiangazi. "Una miezi minane," akasema. "Siku yenyewe, kuogelea mwisho ni saa nzima. Saa ikipita, mtumbwi unakuja kukuchukua. Ukishashika mtumbwi, basi, baiskeli huigusi." Akaandika jina langu kwa penseli. Wengine wote walikuwa wameandikwa kwa kalamu ya wino, nililiona hilo.

Sasa niwaeleze habari za baba mkwe.

Alikuwa Mkerewe wa Nansio, baharia mstaafu wa meli za ziwani, mrefu, mkimya, mwenye koti jeusi zito ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Alikuja kuishi kwetu mwanzoni mwa mwaka ule, baada ya mama mkwe kufariki. Na mambo ya ukwe kwao na kwetu ni yaleyale. Baba mkwe hashikani mkono na mke wa mwanawe, hali naye chakula pamoja, hakanyagi jikoni kwake, hamtazami. Mwanamke naye hapiti mbele ya mkwe wake bila kitenge, hakai kwenye kiti chake, na jina lake halitamki. Asubuhi nilipiga magoti mlangoni kwake, mbali, nikasema shikamoo, naye akaitikia marahaba akiwa ameelekea dirishani. Mazungumzo mengine, katika nyumba nyingi, hupitia kwa mtoto. Mwambie mama yako chumvi imezidi. Mwambie babu maji ya kuoga tayari.

Kwetu hapakuwa na mtoto wa kutumwa. Kwa hiyo baba mkwe alizungumza na redio.

Ilikuwa redio ndogo ya mkulima, yenye mfuko wa ngozi uliofungwa kwa mpira wa baiskeli. Aliiweka mapajani, iwe imewashwa au imezimwa, na kuiambia: "Redio, hivi hapa leo watu hawanywi chai?" Nami kutoka jikoni: "Redio, chai inakuja." Mume wangu alikuwa anacheka hadi machozi. Mimi sikucheka. Kila alipoisemesha ile redio, mimi nilisikia anauliza mtoto yuko wapi. Nilikuwa na hakika kwamba mzee amekuja kumshawishi mwanawe aoe mwingine. Mwana mwenyewe ndiye pekee aliyekuwa naye. Na majirani hawakunisaidia. Pale bombani kulikuwa na mama mmoja aliyependa kusema, nikiwa nasikia, kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Siku moja nilimshushia ndoo ya maji juu ya mguu, kwa bahati mbaya ya makusudi.

Mume wangu nilipomwambia habari ya mateso matatu alikuna kichwa, halafu akasema: "Haya. Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge." Akaweka sharti moja tu, nisiogelee peke yangu. Palikuwa na mamba, palikuwa na walevi, na mimi mwenyewe nilikuwa wa kuokolewa na mtumbwi wa dagaa. Basi kila alfajiri tulishuka wote kwenye mawe chini ya nyumba, mahali penye kighuba kidogo, na mbele yake jiwe kubwa lililochomoza majini kama mita mia mbili hivi. Nilivaa vazi la kuogelea la mtumba nililolichimbua sokoni. Lilikuwa la mwanamke mnene kuliko mimi mara mbili, nikalipunguza kwa sindano, na juu yake fulana ya mume wangu. Yeye alikaa kwenye jiwe akinitia moyo kwa maneno ambayo hayakunisaidia hata kidogo, kwa sababu hata yeye, Mkerewe mzima, alikulia bweni la shule na hakujua zaidi ya kuelea.

Kabla ya Krismasi akapata kazi kwenye kiwanda cha minofu, zamu ya asubuhi. Kazi wakati ule zilikuwa adimu, watu walikuwa wanapunguzwa makazini kila siku, huwezi kukataa. Nikadhani mambo yamekwisha. Lakini jioni ile nikamsikia akizungumza na baba yake sebuleni, kisha sauti ya mzee: "Redio, mimi naweza kukaa pale nikaangalia njia. Mtu mbaya akija, nitamwona."

Kuangalia njia. Maana yake, aketi akilipa ziwa mgongo.

Asubuhi ya kwanza alitangulia yeye. Nilipofika nilikuta mgongo wa koti jeusi juu ya jiwe, fimbo pembeni, redio mapajani, uso umeelekea kichochoro cha kupandia nyumbani. Nikavua kitenge nyuma yake, nikaingia majini kwa haya na hasira pamoja. Wiki nzima hatukusemezana. Mimi nilipigana na maji, yeye aliangalia njia. Siku ya nane au ya tisa, nikiwa nimeshikilia jiwe nahema, nikasikia:

"Redio, huyu anayeogelea, mkono wake wa kushoto unalala. Wa kulia unasema chwa, wa kushoto unasema pwaa."

Nikashangaa. Mzee alikuwa ananisikiliza! Nikajaribu kuuchomeka mkono wa kushoto taratibu, kama ninauingiza kwenye mkono wa shati. "Redio, hapo sasa," ikasema sauti. Tangu siku ile akawa anafundisha. Alijua kwa masikio kama nimenyanyua kichwa mno, kama nimebana pumzi, kama miguu inakanyaga badala ya kupiga. "Redio, pumzi inatolewa ndani ya maji, si nje. Nje ni pa kuvuta tu." "Redio, mtu akipigana na maji anachoka yeye, maji hayachoki." Nikikasirika, maana mimi hasira zangu ziko karibu, nikapiga maji kwa kiganja, alisema: "Redio, ziwa limekosa nini?" Nami nikacheka, hapohapo majini, nikameza funda zima.

Januari nikaligusa lile jiwe kubwa na kurudi bila kupumzika. Machi nilikwenda na kurudi mara tatu.

Jumamosi ilikuwa siku ya baiskeli. Nilichukua baiskeli ya mume wangu, ile nzito ya chuma ya miaka ya nyuma, nikaelekea Misungwi kwa mama yangu. Mara ya kwanza mama alikuwa anafagia uwanja. Akaniona nakuja peke yangu, vumbi hadi kwenye kope, jasho linatiririka, na kifurushi nyuma ya baiskeli. Fagio likamwanguka. Akakaa chini palepale, akaanza kulia: "Wamekufukuza! Wamekurudisha mwanangu!" Ndani ya kifurushi kulikuwa na chupa ya maji na pampu. Nilimweleza, hakuamini, akatuma mtu kwa siri mjini kwenda kuhakikisha kwamba bado nina mume. Alipoamini akawa kila Jumamosi ananisubiri barabarani na kibuyu cha uji, lakini hata nikinywa alinichunguza macho. Nilijua anachotafuta. Naye aliogopa nilichoogopa.

Masika ya mwaka ule yalikuja na magugu maji. Wenyeji wa ziwa wanayakumbuka. Leo ghuba ni maji matupu, kesho upepo umegeuka na ghuba imekuwa shamba la kijani, lenye maua ya zambarau mazuri ajabu, na chini yake mizizi iliyosukana kama mkeka. Asubuhi moja ya Aprili nilikuwa natoka kwenye jiwe narudi, kichwa chini, nahesabu mikono, na sikuona kwamba magugu yameingia kati yangu na nchi kavu. Nikayavamia. Nikajaribu kupita chini, mguu ukanasa. Nikauvuta, ukanasa wa pili. Nikatulia kabisa, kwa sababu nilijua nikitapatapa nimekwisha, mdomo wangu ukiwa juu ya maji kwa kiasi cha vidole viwili.

Kumbe kwa mtu anayekusikiliza kwa masikio tu, kutulia ndiyo habari mbaya kuliko zote.

"Redio," nikasikia. "Mbona kimya?"

Siwezi kujibu. Nikifungua mdomo nakunywa ziwa.

"Redio! Kimya hicho cha nini?"

Halafu nikaona jambo ambalo nikifumba macho naliona mpaka leo. Baba mkwe alisimama. Akaiweka redio juu ya jiwe. Akashuka majini, na koti lake na kofia yake, akaanza kunijia kinyumenyume. Hakugeuka. Mzee wa miaka sabini anakanyaga mawe ya ziwani kwa visigino, maji ya magoti, maji ya kiuno, maji ya kifua, na fimbo ameinyoosha nyuma ya bega lake, anaitafuta pumzi yangu kwa fimbo. Ikanigonga sikioni. Nikaishika. Akaanza kutembea kuelekea nchi kavu kama ng'ombe anayevuta jembe, nami nyuma yake na magugu yangu, mpaka miguu ikachomoka na nikagusa mchanga.

Nilitapika maji. Nilipopata pumzi ya kwanza sikushukuru. Nilifoka.

"Baba! Si ungegeuka tu! Ningekufa hapa wewe umetazama njia! Heshima gani hii ya kuulia watu?" Nilimwita wewe. Nilimfokea baba mkwe usoni, au tuseme mgongoni, nikiwa nusu uchi, na yaliyokuwa yamejaa moyoni yakatoka yote. "Au ndivyo mnavyotaka? Nife, mwanao aoe mwenye kuzaa! Si ndicho ulichokuja kutafuta? Sema! Usiiambie redio, niambie mimi!"

Alikuwa amesimama ananipa mgongo, maji yanamwagika kutoka kwenye mikono ya koti. Akaenda taratibu kwenye jiwe lake, akakaa, akaichukua redio akaipakata. Nikajifunga kitenge huku meno yananigongana. Nilidhani ataondoka, apande meli ya kwanza ya kwenda Nansio, na ndoa yangu imekwisha siku hiyo.

"Redio," akasema hatimaye, "mama wa mume wa huyu alizaa saba. Sita tuliwazika Ukerewe. Wengine hata majina hawakupata. Kila tulipozika ndugu zangu walikuja. Oa mwingine, oa mwingine. Nikawaambia, mimi nilioa mke, sikuoa watoto."

Akakohoa. Akaipangusa redio maji kwa kiganja.

"Redio, mimi sikuja huku kumwoza mtu. Nimekuja kwa sababu yule mama amekufa na nyumba yangu imekuwa na kimya. Kimya sikiwezi. Ndiyo maana leo nimeogopa."

Nililia pale kwenye mawe, nikalia kwa sauti, yeye ameketi ananisikiliza kama alivyonisikiliza siku zote. Nilipomaliza akasema: "Redio, kesho tupite kulia kwa jiwe. Upande ule magugu hayafiki." Tukapanda nyumbani, yeye mbele.

Kesho yake hatukwenda. Mafua yalimlaza wiki nzima, na mimi nilimpikia uji wa ndimu na tangawizi nikauacha mlangoni. "Redio, mwambie aunywe ungali wa moto." Nilijikuta, nikisema hivyo, natabasamu peke yangu kwenye korido.

Siku ya mashindano ilikuwa na upepo. Tulikuwa kama arobaini ufukweni kwa klabu, mwanamke mimi peke yangu. Mume wangu alikuwa ameomba ruhusa kazini, anakaza nati za baiskeli ambazo alishazikaza usiku. Katibu alipita na orodha yake na saa mkononi. Jina langu bado lilikuwa la penseli.

Kwenda hadi boya la mwisho nilikwenda vizuri. Chwa, chwa, pande zote mbili. Kurudi ndiko kulikoniumiza. Upepo ulikuwa unanisukuma pembeni, mawimbi yananipiga shavuni kila nikivuta pumzi, na wenzangu walishaniacha. Mahali pa kutokea palikuwa na bendera nyekundu, lakini watu walikuwa wamepanda kwenye mawe kutazama na wameifunika. Nikinyanyua kichwa naona ukuta wa watu, mamia, wanapunga, wanapiga kelele, wote sawasawa. Niogelee kuelekea wapi? Nikasikia kasia nyuma yangu. Nikageuza kichwa, naona mtumbwi, na kijana wa klabu ndani yake ameshika saa, ananisogelea polepole kwa huruma. Huruma yake ilinikata maini. Mkono mmoja tu kwenye ubao ule na ningepumzika. Ya nne, nikajiambia. Hii ndiyo itakuwa ya nne kuachwa njiani.

Nikanyanyua kichwa mara ya mwisho kutafuta bendera, na nikamwona. Kati ya watu wote waliolielekea ziwa, mmoja alikuwa amelipa mgongo. Koti jeusi, pana, limetulia juu ya jiwe, halipungi mkono, halipigi kelele.

Basi nikauogelea ule mgongo. Sikutafuta tena bendera wala sikumtazama mwenye mtumbwi. Kila pumzi ya tatu nilinyanyua jicho, mgongo upo, nikarudisha kichwa majini. Ulikua, ukakua, mpaka nikaona kile kiraka cha begani nilichokishona mwenyewe. Mchanga ukanigusa tumbo. Nikasimama, nikaanguka, nikasimama. Watu walikuwa wanapiga vigelegele na mimi nimevaa lile vazi la mtumba linaloning'inia, nikaona aibu ghafla, na hapo nikaona mkono wa koti umenyooshwa nyuma, na kwenye mkono kanga.

"Dakika hamsini na nane!" alipiga kelele katibu.

Nikaichukua ile kanga. Baba mkwe hakugeuka. "Redio," akasema, "mkono wa kushoto bado unalala."

Habari za baiskeli sitazirefusha. Ile chuma ilinitoa roho. Misungwi mama alikuwa barabarani na wanawake wa kijiji kizima, na safari hii hakunichunguza macho, alinimwagia uji nusu kinywani nusu kifuani akanisukuma kwa mikono miwili niondoke. Niliporudi klabu ilishapita saa saba mchana. Mbio, ambazo nilizihesabu kuwa zangu, zilinigeuka: paja lilikaza, nikatembea, nikakimbia, nikatembea tena. Njia nzima niliusemesha mwili wangu, kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule, bila kuutukana. Twende, niliuambia. Tumefika mbali, twende.

Najua watu wakisikia habari kama hii husubiri mtoto mwishoni. Hakuna mtoto mwishoni. Tulikaa wawili, mume wangu na mimi, na tukakaa vizuri. Leo nasimulia jambo lingine.

Nilipoingia kwenye kona ya mwisho ilikuwa inakaribia saa kumi na moja jioni. Washindi walishapewa vikombe vyao wakaenda nyumbani. Wafanyakazi wa klabu walikuwa wanakunja viti. Mume wangu alikuwa anaruka juu chini peke yake kama mtoto. Katibu alikuwa bado yuko mezani, ananingoja, na mkononi ameshika kalamu ya wino.

Na kando ya kamba ya mwisho, kwenye kiti chake, baba mkwe. Alikuwa ameelekea barabarani. Mimi nina kaptula na fulana iliyolowa, kitenge sina, kanga nimeiacha kwenye baiskeli, nywele zimesimama, na mzee ananitazama. Alinitazama kuanzia kwenye kona. Alinitazama njia yote. Nilipovuka kamba akasimama, akaiweka redio chini kwenye kiti, akanijia hatua mbili, kwa mbele.

Kwa mazoea nikataka kupiga magoti nimsalimu. Magoti yakagoma.

"Simama tu, mwanangu," akaniambia. "Umemaliza."